Mguu wa Manju

Nansio, Ukerewe
19 Januari 2025

Mjomba Luhende,

Shikamoo. Mfikishie Mama Precious shikamoo yangu pia. Mimi ni mzima. Shule imefunguliwa, madarasa yamejaa, na chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ziwa na jirani anayetazama dirisha langu. Mama alinipigia juzi kutoka Kamanga. Samaki wake wa kukaanga wanatoka, ila anasema abiria wa kivuko siku hizi wana maneno mengi kuliko njaa.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Sababu ni wewe. Kwenye simu nikikuuliza mguu vipi, unasema "mzima kabisa," halafu unaniuliza kama huku mvua imenyesha. Kwa hiyo tutaandikiana. Faizan, mwenye duka hapa Nansio, huja Kisesa kununua unga kwenye mashine yako, na amekubali kubeba barua zetu. Kwenye simu mtu hudanganya upesi. Kwenye karatasi itabidi udanganye polepole, kwa mkono wako mwenyewe, na mimi nitapata muda wa kukukamata.

Sasa mguu. Nasikia siku waliyokata hogo, lile gamba la plasta, uliufunika kwa shuka usiuone. Usiuonee aibu. Mwili ni kama mama wa nyumba aliyepitia njaa: hampakulii asiyefanya kazi. Mguu wako ulilala ndani ya hogo tangu Novemba, mwili ukaona huyu hana kazi, ukaacha kumlisha, nyama zikapungua. Hiyo si adhabu, ni kubana matumizi. Na mwili huo huo ukiona mguu umerudi kazini, utaanza kuulisha tena. Ila hauamini maneno. Unataka kazi, tena kazi inayorudiwa.

Anza hivi. Keti kwenye kiti cha mbao, simama bila kushika kitu, keti tena taratibu. Ukiweza hilo, shika nguzo ya mashine, inuka kwa vidole, shuka polepole. Ukichoka, acha. Kesho yake pumzika, keshokutwa rudia. Mwombe Mama Precious asimame upande wako wa kushoto.

Na yule beberu aliyekuvunja mguu akipanda tena miambani, mwache huko huko. Atashuka akisikia njaa. Mtu wa miaka hamsini na sita hashindani na mbuzi juu ya mawe.

Mpwa wako,
Odeta


Kisesa
3 Februari 2025

Mpwa wangu Odeta,

Marahaba, mwalimu. Mwangaluka! Sisi tumeamka salama. Precious yuko chuoni Dodoma, anasema upepo wa huko unamkausha midomo. Beberu anakusalimu; ni mzima na kiburi kimemzidi.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa sababu Mama Precious alitaka kusikia tena pale unaposema nadanganya. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Mguu nimeutazama. Odeta, nina miguu ya watu wawili. Wa kulia ni wa Luhende, manju wa bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Wa kushoto ni wa korongo aliyefunga Kwaresima yote.

Zoezi la kiti nimelifanya. Siku ya kwanza niliinuka nusu, nikakwama hapo kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani.

"Unakwenda au unarudi?" Mama Precious akaniuliza.

"Kama ni rahisi, keti wewe."

Akaketi, akainuka, akaketi, akainuka. Mara ya tatu ilibidi ashike bega langu, na mimi nikashika lake, tukabaki tumesimama pale kama walevi wawili wanaoagana. Tangu siku hiyo amesema tutafanya wote. Anasema yeye si mlinzi wa benki, hawezi kusimama tu.

Sasa nikwambie lililonileta kwenye karatasi. Kikundi cha ngoma kilikaa juzi. Wakanipa pole, wakasifu kazi yangu, na mtu ukisifiwa hivyo ukiwa bado hai, ujue kuna jambo. Nathaniel, msaidizi wangu, akasimama akasema Bulabo, sikukuu yetu ya kushindana ngoma, ni Juni, na kikundi hakiwezi kuingia uwanjani Bujora na manju mwenye fimbo. Wakakubaliana: siku hiyo nikiwa uwanjani na jembe mkononi, ngoma inabaki yangu. Nisipokuwepo, watachagua mwingine. Hao Bagika, kikundi chetu, nimewaongoza tangu wewe hujaanza shule. Nilikunywa maji.

Kwa hiyo, mwalimu, nataka mguu mmoja tu, wa kushoto, uwe tayari Juni.

Mjomba wako,
Luhende


Nansio
20 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo kwa mwenzako wa kiti. Mimi sijambo, ingawa wiki hii nimekuwa nikishuka ngazi za ofisi kinyumenyume. Mwalimu mwenzangu, Bernadeta, alichoka kuniona nikitoka darasani na kujifungia chumbani na vitabu. Akanivuta kwenye netiboli ya walimu. Nafundisha elimu ya viungo, kwa hiyo sikuweza kusema sijui. Siku ile sikusikia kitu. Kesho yake kidogo. Keshokutwa, Mjomba, mapaja yalikataa kabisa kuwa yangu, na wanafunzi walikuwa wanatazama.

Nakueleza haya kwa sababu yatakupata, kama hayajakupata. Nyama ina nyuzi ndogo ndogo. Zikipewa kazi ambayo hazikuizoea, baadhi huchanika kidogo sana, na zikipona hupona zikiwa na uimara zaidi ya mwanzo. Maumivu hayo yana adabu: hutawanyika, hubisha hodi siku ya pili, na huondoka yenyewe. Ya kuogopa ni yale makali, ya mahali pamoja, yenye uvimbe. Hayo usiyavumilie. Hayo niandikie siku hiyo hiyo.

Utaona pia nguvu inaongezeka kabla mguu haujanenepa. Usidhani umerogwa. Mwanzoni nyama haijakua; ubongo ndio unaoikumbuka njia ya kuziita nyuzi zote kwa pamoja. Ni kama kikundi kipya cha ngoma. Siku ya kwanza kila mtu ana mdundo wake. Wakishazoeana, kishindo kinakuwa kikubwa bila kuongeza mtu hata mmoja.

Sasa ongeza mzigo: simama na kuketi ukiwa umekumbatia ndoo ya pumba, robo yake, si zaidi. Na utembee kila jioni mpaka kanisani na kurudi.

Kuhusu Nathaniel sisemi neno, maana nikisema nitasema baya. Juni inawezekana. Soma vizuri: nimeandika inawezekana, sikuandika lazima.

Odeta


Kisesa
9 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole na ngazi. Mwalimu wa viungo kuumwa viungo! Nimewasomea wateja wote, na mzee mmoja amesema hiyo ni kama daktari wa meno asiye na meno.

Hapa mambo yamechangamka. Watu wa foleni wanatuona mimi na Mama Precious tukikumbatia ndoo za pumba, tunaketi, tunasimama, tunaketi. Wanamwona Faizan akinipa bahasha kutoka Ukerewe. Wamekwisha kukata shauri: unaniletea dawa ya ngoma.

Usiwacheke. Huko kwenye netiboli mna refa na saa. Sisi ngoma mbili hupigwa wakati mmoja, Bagika huku, Bagalu kule, watu wanakwenda wanakovutwa, na mwenye uwanja uliojaa ndiye mshindi. Ndiyo maana tangu zamani kila manju husemwa ana kitu cha kuvutia watu. Jana Josephat, manju wa Bagalu, kijana mwenye mikono minene kama mapaja yangu ya zamani, alikuja mwenyewe kusaga mahindi ya kisado kimoja.

"Shikamoo, mzee. Nasikia Ukerewe kuna dawa kali."

"Ipo."

"Inatumiwaje?"

"Unaketi kwenye kiti. Unasimama."

"Halafu?"

"Unaketi tena."

Akakikagua kiti juu na chini. "Mzee, kama hutaki kusema, si useme tu hutaki." Akachukua unga wake akaondoka amenuna.

Habari za mwili. Mlima wa kanisani napanda bila kusimama, na kifua hakipulizi tena kama mvukuto wa mhunzi. Ila kuna jambo limenitia wasiwasi: nikishika kifundo cha mkono asubuhi, moyo unapiga polepole kuliko zamani. Je, unachoka? Mama Precious anasema wake pia umepungua. Yeye sasa anainua gunia la unga kwenye mizani bila kuniita, sijui anakula nini.

Na mguu, Odeta, umeamka. Nikisikia ngoma kwenye redio unajitikisa wenyewe chini ya meza. Mruko mmoja tu, una ubaya gani? Na wewe, Bulabo utakuja?

Mjomba wako


Nansio
23 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nyote mko salama, natumaini. Mimi nimeanza kupendwa na mpira, au mpira umeanza kunihurumia.

Moyo wako hauchoki, umekua. Zamani ulikuwa ukisukuma damu kidogo kidogo, kwa hiyo ulilazimika kupiga mara nyingi. Sasa kila pigo moja linasukuma zaidi, ndiyo maana umepata nafasi ya kupumzika kati ya pigo na pigo. Furahi. Mwambie Mama Precious naye afurahi.

Kuhusu mruko: hapana.

Nisikilize, maana hapa ndipo watu wengi huvunjika. Mwili haubadiliki wote kwa pamoja. Pumzi hutangulia, ndani ya wiki chache unajiona kijana. Nyama hufuata. Mfupa uliovunjika, na kano, yaani kamba zinazofunga nyama kwenye mfupa, huja mwisho kabisa, wakipiga miayo. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho kila kitu ndani yako kinasema twende, na kile kitakachobeba kishindo cha kutua bado hakijafika. Uko kwenye kipindi hicho. Unavyojisikia ni kweli, lakini ni kweli ya pumzi, si ya kano.

Cheza hatua za chini tu, jembe mkononi, miguu isiache ardhi. Mruko tutauzungumza Mei, na wiki ya mwisho kabla ya Bulabo mtapumzika.

Nahisi umenuna. Nuna, lakini tii.

Odeta


Nansio
27 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Pasaka imepita na sijapata neno. Faizan amekwenda Kisesa mara mbili na kurudi na unga bila bahasha. Nikamuuliza ulikuwaje. Akasema, "Mwalimu, alikuwa amekaa." Amekaa vipi? "Amekaa, kama mtu mwenye mashine yake."

Mimi ni mtu wa kuwaza, unanijua. Ukiniachia nafasi tupu naijaza. Tafadhali ijaze wewe.

Odeta


Kisesa
4 Mei 2025

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba sana. Samahani kwa kimya. Mvua zimekuwa nzuri, mahindi yamesimama, na kuku wametotoa. Pasaka ilikuwa na watu wengi, padre alihubiri kwa kirefu. Mashine ilikuwa na hitilafu ya mkanda, tumefunga mpya. Precious alikuja, amenenepa, amerudi. Beberu tumemuuza Magu na mnunuzi sasa anatutafuta. Serikali ya mtaa imechonga barabara ya kwetu, vumbi limehamia kwa majirani.

Sina zaidi. Endelea na kazi njema ya kuelimisha taifa.

Mjomba wako,
Luhende

Odeta mwanangu, ni mimi Mama Precious, nimeichukua barua kabla haijafungwa. Tafuta neno mguu humo ndani kama utaliona. Jumatatu ya Pasaka kikundi kilicheza harusini, Nathaniel akaongoza, watu wakampigia vigelegele, na mjomba wako akavua kofia akaingia. Alicheza vizuri, sitasema uongo. Akaruka mara tatu. Jioni kifundo kilivimba, kiatu hakikuingia. Amekaa nacho juu ya kigoda tangu siku hiyo na wateja anawaambia anapumzika kwa amri ya Ukerewe. Hospitali hataki, anaogopa wataona mfupa umefunguka na habari itamfikia Nathaniel. Ukimgombeza, mgombeze kwa upendo, anakula kidogo siku hizi.


Nansio
11 Mei 2025

Mjomba na Mama Precious,

Shikamooni nyote wawili. Kuanzia leo nawaandikia wote, ili bahasha isifunguliwe na mmoja.

Niliandika kurasa tatu za hasira, nikazichana. Nilipozisoma niliona si hasira, ni hofu iliyovaa koti la mwalimu. Nikiwa huku kisiwani namwona kila mtu ninayempenda akianguka, tena polepole, na mimi nimeshika chaki.

Mjomba, hukufanya dhambi. Ulisikia vigelegele vya mtu mwingine mahali pako. Lakini kesho nenda hospitali mkapige picha ya mguu. Kama mfupa umefunguka, tutajua. Kama haukufunguka, utakuwa umekaa kwenye kigoda wiki tatu kwa kuogopa kitu ambacho hakipo, na wiki tatu za kukaa unajua zinafanya nini.

Wakisema ni kano, subirini uvimbe uishe, kisha mrudi kwenye kiti. Hutaanzia sifuri. Nyama iliyowahi kujifunza kazi hurudi upesi kuliko ilivyokuja mara ya kwanza. Halafu hatua za chini, siku moja kazi, siku moja mapumziko.

Nimefikiri pia juu ya lile sharti la kikundi. Uwanjani, na jembe mkononi. Sioni mahali waliposema lazima uruke.

Mama Precious, asante. Wewe ukoje? Huandiki kamwe habari zako.

Odeta


Kisesa
1 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama Precious amekaa hapa anaangalia kalamu yangu, kwa hiyo utakayoyasoma ni ya kweli.

Hospitali tulikwenda. Daktari alishika picha juu ya mwanga, mimi nikatazama sakafu. Mfupa umeshika. Ilikuwa kano, kama ulivyosema. Nikacheka kwa sauti mpaka muuguzi akaniuliza kama nimepata mtoto. Nilikuwa nimekaa na hofu tupu juu ya kigoda, na kigoda chenyewe kilikuwa kinaniumiza kiuno.

Tumerudi kwenye kiti, kwenye ndoo, kwenye mlima. Hatua za chini nacheza ngoma nzima, na pumzi inabaki. Kikundi wameniona. Nathaniel ameniona. Amesema, "Mzee, hatua ziko sawa. Na mruko wa mwisho?" Nikamwambia utaonekana siku yake. Unajua ule mruko, Odeta: manju anarusha jembe juu, anaruka, analidaka hewani. Ndio unaowatoa watu upande wa pili. Bugobogobo bila huo ni ugali mkavu. Usiniambie sharti halikuutaja. Sharti halikutaja suruali pia.

Halafu kuna jambo lako la barua ya zamani la kupumzika kabla ya siku yenyewe. Nilidhani ulitania. Bagalu wanapiga ngoma asubuhi na jioni, tunawasikia mpaka mashineni. Josephat amewaambia vijana wake kwamba dawa ya Ukerewe hushindwa kwa jasho. Sisi tukikaa, watatuita wagonjwa. Niambie kwa maandishi kwamba nikae, ili niwe na cha kuwaonyesha.

Utakuja? Hujajibu tangu Machi.

Mjomba wako


Nansio
8 Juni 2025

Mjomba na Mama Precious,

Shikamooni. Hiki ndicho cha kuwaonyesha:

Wiki ya mwisho kikundi chote kipunguze. Mcheze kwa muda mfupi, kwa furaha, siku mbili tatu, halafu mkae. Mazoezi hayajengi mwili, yanauomba tu. Mwili hujenga mtu akiwa amelala na ameshiba. Anayeomba bila kunyamaza hampi mwenzake nafasi ya kujibu. Mle, mlale, msione aibu. Waacheni Bagalu wajichoshe bure.

Sitakuja. Wasichana wangu wa netiboli wanakwenda kwenye mashindano ya shule siku hizo hizo, na mimi ndiye ninayewapeleka. Hiyo ni sababu ya kweli. Sababu nyingine ni kwamba nikiwa pale nitautazama mguu wako tu, na wewe utaniona nikiutazama.

Juu ya mruko, siwezi kuamua kwa niaba yako kutoka ng'ambo ya maji. Ukifika pale, usiusikilize umati. Mguu utasema.

Odeta


Kisesa
24 Juni 2025

Mpwa wangu Odeta,

Marahaba hata kabla hujanisalimia. Tumesikia kwa Faizan kwamba wasichana wako wamefika nusu fainali. Hongera. Hapa sauti zimetukauka, mashine imefungwa siku mbili na watu wanakula viazi.

Tulipumzika. Barua yako niliibandika mlangoni. Vijana wetu walinung'unika, wakala, wakalala. Bagalu walipiga ngoma mpaka jioni ya kuamkia siku yenyewe, na walipopita mbele ya mashine mmoja akatuuliza kama tutaletewa vitanda uwanjani.

Bulabo, watu walikuwa kama nzige. Mwanzo wote walikwenda kwa Josephat. Lazima niseme ukweli, anarusha jembe mpaka unalisahau. Kwetu walikuja wazee wachache na wenye kutafuta kivuli. Nikaanza taratibu. Mguu ulikuwa chini yangu, umetulia. Tukapiga ngoma ya kwanza, ya pili, jua likapanda. Hapo ndipo nilipoona. Bagalu miguu ilianza kuburuza. Majembe walikuwa wanayadakia kiunoni, si juu ya kichwa. Walikuja uwanjani wakiwa tayari wamekwisha kucheza. Vijana wetu walikuwa ndiyo kwanza wanachemka. Watu wakaanza kugeuka, wengine wakasimama katikati, shingo huku, shingo kule, hawajui waende wapi.

Hiyo ndiyo saa ya mruko. Nathaniel alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake. Nikausikiliza mguu kama ulivyosema. Haukukataa, Odeta. Ulisema tu: ukitaka kupaa nitakupaisha, ila kutua sikuahidi.

Mkono ulikuwa umekwisha kulirusha jembe. Liko juu, mimi niko chini, miguu ardhini. Nikajua mambo yamekwisha, litaanguka mavumbini na ngoma itaanguka nalo.

Mama Precious alikuwa kwenye mstari wa wanawake, anaimba. Sikumwita. Alitoka mstarini hatua tatu, akaruka, akalidaka jembe juu kabisa ya kichwa changu, akatua kwa miguu yote miwili kama paka. Halafu, kana kwamba alikuwa anatania tu, akalirusha yeye mwenyewe akaruka tena, juu zaidi.

Watu hawakutembea, walikimbia. Muuza maandazi alikimbia na ndoo yake. Josephat alisimama, akafuta jasho, akaja kutazama, na manju akiacha ngoma yake kutazama ya mwenzake, hakuna tena la kuhesabu. Mimi nilikuwa naimba, sijui niliimba nini.

Jioni nikamuuliza, "Mama Precious, haya umejifunza lini?"

"Kwenye barua."

"Barua zilikuwa zangu."

"Wewe ulikuwa unafanya kazi siku za kupumzika, unapumzika siku za kazi, na Pasaka ukaruka. Mimi nilifuata kama ilivyoandikwa. Na ulipokuwa juu ya kigoda, nani alikuwa anabeba magunia?"

Ni kweli, Odeta. Tangu Januari tulikuwa tunautazama mguu wangu, wewe huko na mimi hapa, na hakuna aliyeangalia bega lililokuwa limeushikilia.

Jana kikundi kimekaa. Nathaniel akasema jembe lilikuwa mkononi mwangu, ndiyo, lakini si mpaka mwisho, kwa hiyo sharti limetimia nusu. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wameamua: mimi ni manju, naimba, naongoza hatua. Mruko ni wa mke wangu. Nathaniel mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Nilidhani nitaumia. Nimejipapasa pote, siumwi popote.

Sasa yeye ndiye ananiagiza niandike haya. Anasema mazoezi ya mgonjwa yamekuwa mepesi, anataka yake mwenyewe, mazito, na hataki yapitie kwangu tena. Anataka bahasha yake. Na usiandike Mama Precious juu yake, maana Faizan atanipa mimi. Andika jina lake, Kabula. Watu wa foleni wamejifunza jina hilo wiki hii, na mimi pia najizoeza kuliita.

Mjomba wako,
Luhende